Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: sensa za mitambo zimeishia ukutani

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka kiwandani. Mimi ni fundi umeme wa kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, na mitambo hii ya kisasa ya kutia rangi vitambaa, inayojipimia yenyewe, siipingi. Zamani kwenye pipa la rangi mzee wetu alichovya kitambaa, akakipeleka dirishani, akakunja uso. Rangi ikikataa, kazi inarudiwa: maji mengine, chumvi nyingine, mvuke mwingine wa boila. Sasa sensa, yaani kifaa cha kupimia, inasoma joto na tindikali, mashine inajipimia dawa, na kurudia kumekuwa nadra. Pampu za maji nazo tumezifungia inveta, kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota. Ukipunguza mwendo wa pampu kwa nusu, umeme inaokula hushuka hadi karibu moja ya nane. Hiyo si siasa, ni fizikia.

Ila sensa zinaishia ukutani. Maji yanayoingia yanahesabiwa kila dakika. Yanayotoka kuelekea Mto Msimbazi yanasubiri afisa aje na chupa ya sampuli. Mwekezaji anayepata nafuu ya kodi kwa mtambo wa aina hii apewe sharti: afunge kipimo kwenye bomba la majitaka, na takwimu ziende moja kwa moja NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira. Najua NEMC haiko chini yako, lakini nafuu hizo mnazijadili meza moja.

Kuna na watu. Pale pipani walikuwa wanne, kabaki mmoja. Mama aliyepima rangi kwenye mizani alikuwa na miaka 19 kazini. Kiinua mgongo cha chini kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, na hesabu inakoma mwaka wa 10. Siku 70, basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, kisha mshauriane. Sisi tuliujua mpango siku makasha ya mtambo yanashushwa.

Huyo aliyebaki anaangalia skrini ya Kiingereza na Kichina. Kabandika karatasi kwa selotepu: "Ikiwaka nyekundu, funga mvuke kwanza." Naomba skrini zije na Kiswahili, na waendeshaji wapite mafunzo ya ufundi VETA kabla mtambo haujawashwa. Karatasi ile imeshaloa mara mbili, tumeiandika upya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme, Dar es Salaam