Barua ya wazi kwa walimu wakuu wapya: fimbo huanzia ofisini

Marahaba, wanangu.

Nimeitikia kabla hamjaniamkia kwa kuwa najua mngeniamkia. Wengi wenu nilikaa nanyi ofisi moja, mkiwa vijana waliotoka chuo na begi moja na cheti ndani ya bahasha. Wawili niliwafundisha darasa la nne. Sasa nasikia barua za uteuzi zimewafikia, na Januari mtaanza kukikalia kile kiti. Hongereni sana. Mimi nilikikalia miaka 22 kabla ya kustaafu mwaka 2018, na lipo jambo moja nililochelewa kulielewa, kuchelewa kwangu kukawaumiza watoto wa watu. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Fimbo anayochapwa mtoto wa darasa la tano mara nyingi haikuanzia darasa la tano. Ilianzia ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nitawaeleza nilivyojua. Januari 2002 ilikuwa ya kwanza tangu serikali ifute ada katika shule za msingi. Watoto walifurika. Nilikuwa na vyumba saba, na darasa la kwanza peke yake lilikuwa na watoto 180 na zaidi, wengi wao wakikaa sakafuni. Wiki moja ya mwezi wa pili mkaguzi alipita, akanifokea mbele ya walimu wangu kwa sababu ya maandalio ya masomo yasiyokamilika. Nikameza. Asubuhi iliyofuata mwalimu mmoja kijana alichelewa dakika kumi. Nilimsimamisha mstarini, nikamuuliza mbele ya shule nzima mshahara anapokea wa nini. Watoto wakacheka. Hakunijibu, akaenda zake darasani.

Kipindi cha pili nikasikia kilio. Hakikuwa cha mtoto mmoja. Nilipofika nikakuta amewasimamisha watoto wa madawati yote ya mbele, kama 20 hivi, anawachapa mmoja baada ya mwingine. Kosa lao kelele. Nilipomvuta pembeni nimwulize, nikaona mikono yake inatetemeka. Hapo ndipo nilipoona safari nzima ya ile fimbo: mkaguzi alinichapa mimi kwa maneno, mimi nikamchapa mwalimu kwa maneno, mwalimu akawachapa watoto kwa fimbo. Watoto walikuwa na nani wa kumshushia, zaidi ya wadogo zao nyumbani?

Siku ya tatu nilimwomba radhi, palepale mstarini nilipomdhalilishia, mbele ya watoto walewale. Walikuwepo walionionya kwamba heshima yangu itashuka. Haikushuka. Kijana yule alikaa kimya siku ile, lakini mwaka uliofuata aliniomba mwenyewe niingie darasani kwake nimwangalie akifundisha hesabu za sehemu, kwa sababu zilikuwa zinamshinda.

Baadaye sana nikasoma kazi za watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Ujerumani waliowahoji walimu wa shule za msingi nchini kwetu. Walikuta kwamba walimu wanaotumia nguvu zaidi kwa watoto ni wale wenye mambo mawili: wanaamini kwamba kupiga ni sawa, na wamelemewa na msongo wa kazi. La kwanza linahitaji muda na mazungumzo. La pili, wanangu, sehemu yake kubwa imo mikononi mwenu. Zamu mnapanga ninyi. Ratiba mnapanga ninyi. Sauti mtakayotumia saa moja na nusu asubuhi ni yenu.

Upo pia utafiti uliotoka mwaka 2014, wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walisema wamewahi kuchapwa na mwalimu, na asilimia hiyohiyo wamewahi kuchapwa na mzazi au mlezi. Tena walioadhibiwa zaidi ndio walioonekana wakorofi zaidi, na wazito zaidi wa kuwasaidia wenzao. Najua kuna mmoja wenu atasema: mama, wanachapwa kwa sababu ni wakorofi. Haya, tuseme ndivyo. Basi hiyo fimbo ya miaka yote imewasaidia nini, kama ukorofi bado upo palepale?

Sitawaficha msimamo wangu. Ningekuwa na uwezo, fimbo ingetoka shuleni kabisa. Lakini sheria yetu bado inairuhusu, na ninyi ni watumishi wa umma, kwa hiyo angalau ijueni inavyosema, maana wengi wanaishika fimbo bila kuijua kanuni. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa, si kwa kukosea hesabu wala kwa kuchelewa. Visizidi viboko vinne. Atoe mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu yeye kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda shule isiwe naye. Mchapaji azingatie umri wa mtoto na afya yake. Kisha yote yaandikwe kitabuni, na mwalimu mkuu atie sahihi. Sasa niambieni ni shule gani mliyofundisha ambako hayo yote yalifuatwa kwa wiki moja tu. Mwalimu anayetembea na fimbo kwapani korido nzima na kuchapa apendavyo anavunja sheria, hata kama hakuna anayemkemea. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano mkoani Kagera alipoteza maisha baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa pochi. Mimi nilikuwa nakusanya vitu vyangu nistaafu. Nililia kama msiba umenifikia nyumbani.

Hicho kitabu cha adhabu nilichokitaja, msikidharau. Watu wanakiona karatasi za kumwonyesha mkaguzi. Mimi kilinifundisha kuliko semina nyingi nilizokwenda. Baada ya yale ya 2002 niliagiza kila adhabu iandikwe, hata ya kupiga magoti, na saa iliyotolewa iandikwe. Muhula ulipoisha nikakaa na kalamu nyekundu nikahesabu. Majina yaliyojirudia yalikuwa kumi na moja, katika shule ya watoto zaidi ya 900. Kumi na moja! Na saa zilijipanga zenyewe: adhabu nyingi zilianguka kuanzia saa saba mchana, katika madarasa ya juu, siku ambazo hapakuwa na uji. Tulikuwa tunachapa njaa.

Nikaiita kamati ya shule, nikawasomea wazazi zile saa bila kutaja jina la mtoto. Hawakubishana nami kuhusu michango ya mahindi kama miaka ya nyuma. Uji ukawa wa siku zote tano, saa nne. Hisabati tukaitoa mchana tukaipeleka asubuhi. Kati ya wale kumi na moja, wanne tulikuja kugundua hawaoni vizuri ubaoni au hawasikii, tukawahamishia mbele. Mmoja alikuwa analea wadogo zake peke yake, mama yuko hospitali. Hao ndio waliokuwa “watukutu” wangu. Wawili sikuwaweza, nasema kweli. Mmoja aliacha shule na mpaka leo namkumbuka.

Sasa niseme kidogo habari za ndani ya darasa, kwa sababu mwalimu ukimwambia aache fimbo bila kumpa kitu kingine mkononi, atakuona unamwonea. Kuna Mmarekani aliyeitwa Jacob Kounin, ambaye matokeo yake yalitoka mwaka 1970. Alianza kwa kutaka kujua ni kemeo la namna gani linalotuliza darasa. Akaweka kamera madarasani, akatazama saa nyingi, na jibu likamgeuka: namna mwalimu anavyokemea baada ya kosa haikuwa na uhusiano na utulivu wa darasa. Waliokuwa na madarasa tulivu waliwazidi wenzao kwa yale waliyofanya kabla ya kosa. Walikuwa wale ambao watoto wanaamini wanawaona hata wakiwa wameelekea ubaoni. Walikuwa wanaweza kusahihisha daftari la mmoja huku wakimtupia jicho mwingine bila kusimamisha somo. Somo lao lilitiririka, halikuacha mwanya wa watoto kukaa bure.

Mtasema, huyo alikuwa Marekani, sisi tuna watoto 120 chumba kimoja. Mimi naona kwetu ndiko yanakofaa zaidi, maana katika darasa la 120 dakika tatu za bure zinatosha kuwasha moto. Swali moja liwe ubaoni kabla watoto hawajaingia. Vitabu vigawiwe na watoto wenyewe kwa safu, mwalimu asizunguke navyo. Mwalimu asikae mezani kipindi kizima. Majina ayajue, hata kama itamchukua muhula. Na ile orodha ya wapiga kelele inayoandikwa na kiranja mwalimu akiwa ofisini, ifuteni siku ya kwanza. Tangu lini mtoto wa miaka 12 akapewa mamlaka ya kuamua nani achapwe? Wanauza na kununua majina kwa maandazi, na sisi tunachapa kwa kufuata orodha ile.

Haya hamtayapata kwa kutangaza kikaoni. Lazima muingie darasani. Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake, mwaka 2008, walikusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu wakuu wa shule na matokeo ya wanafunzi. Katika yote anayofanya mkuu, lililokuwa na uzito mkubwa kuliko mengine ni kushiriki yeye mwenyewe katika kujifunza pamoja na walimu wake. Si kuwaruhusu wajifunze tu. Ni kukaa nao.

Hapo nawagusa, maana najua desturi yetu. Siku ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mwalimu mkuu anafungua kwa maneno mawili, kisha anasema ana kikao halmashauri, anaondoka. Walimu nao wanasaini mahudhurio wanapiga soga. Kaeni mpaka mwisho. Chukueni daftari. Fundisheni kipindi kimoja mbele ya walimu wenu, kisha waacheni wakosoe. Mtakapoingia darasa la mwalimu, msiingie na uso wa mkaguzi. Mkitoka mwambieni jambo moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha, faraghani. Moja tu. Ukimpa saba, hatashika hata moja.

Mkidhani haya ni ndoto ya bibi mstaafu, tazameni majirani. Uganda, wilayani Luwero, shule 42 za msingi ziliingia katika utafiti uliofanyika kati ya 2012 na 2014. Nusu yake zilipewa mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala, uliowashirikisha walimu, wanafunzi, utawala na wazazi kwa miezi 18. Mwishoni watoto waliulizwa kama wiki iliyopita waliumizwa mwilini na mtumishi wa shule. Katika shule zisizo na mpango asilimia 49 walisema ndiyo. Katika zenye mpango, asilimia 31. Mimi bado asilimia 31 inaniuma. Ila wale walimu ni kama sisi: mishahara ileile midogo, madarasa yaleyale yaliyojaa, na wamekulia katika fimbo kama tulivyokulia sisi. Wakabadilika. Niongeze kwa haki: alama za mitihani hazikupanda kwa sababu ya mpango ule, na hazikushuka pia. Kwa hiyo anayewaambia mkiweka fimbo chini ufaulu utaporomoka, mwulizeni amelitoa wapi.

Kuna binti mmoja nataka mumfikirie kabla sijamaliza. Tangu Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Waraka umemfungulia geti, lakini siku atakayoingia, shule nzima itatazama uso wenu ili ijue imtazame vipi. Msimtaje mstarini, hata kwa wema. Msimgeuze somo kwa wengine. Mtafutieni mwalimu mmoja wa kike mwenye kifua cha kutunza siri, na akichelewa kwa sababu alikuwa ananyonyesha, aingie darasani akae. Hiyo ndiyo adabu ninayoijua mimi.

Na ninyi maafisa elimu kata na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa siku hizi, ambao barua hii si yenu lakini najua mtaisoma: mwalimu mkuu mkimfokea mbele ya walimu wake, mjue maneno yenu hayataishia pale. Mwiteni pembeni.

Wanangu, mimi nipo Morogoro, Kihonda, na nyumbani mnapajua. Jumamosi yoyote baada ya shule kufunguliwa, njooni na vitabu vyenu vya adhabu vya mwaka uliopita, na kalamu nyekundu. Tutahesabu pamoja. Chai itakuwepo.

Mama yenu, mwalimu mkuu mstaafu
Morogoro