Barua kwa Mama Rehema: yule mtoto wa b na d

Mama Rehema dada yangu,

Salamu kutoka Arua, mvua imetushika wiki nzima na njia ya shuleni ni tope tupu, boda wenyewe wanakataa. Sisi wazima, mguu wa mama tu ndio bado unamsumbua. Samahani nimekawia, si unajua mitihani ya mwisho wa term, madaftari ya kusahihisha yamejaa mpaka kitandani.

Sasa ulisema kijana wako wa P5, darasa la tano, anasoma mpaka saa nne usiku halafu asubuhi hakuna kitu kichwani. Ngoja nianze na langu manake na mimi nina dhambi. Unakumbuka yule mtoto wa P1 niliyekuwa nakulalamikia, kila b kwake ni d? Nilimwandikisha mistari mpaka daftari ikaisha, siku moja nikamkaripia mbele ya wenzake akajikojolea. Mimi nikidhani ni ukaidi. Kumbe kuna Mfaransa mtafiti wa ubongo, Stanislas Dehaene, anaeleza kwamba hakuna mtu anayezaliwa na sehemu ya kusoma kichwani, maandishi yenyewe yana miaka elfu tano hivi tu, kwa hiyo mtoto akijifunza herufi anaazima sehemu iliyokuwa inatambua nyuso na vitu. Na hiyo sehemu imezoea kwamba kitu ni kilekile hata kikigeuka. Chukua kikombe, mkono wake ukiwa kushoto ni kikombe, ukiwa kulia bado ni kikombe. Sasa b na d si kikombe kilekile kimegeuzwa? Mtoto wa watu alikuwa anafanya vile ubongo wake umezoea tangu azaliwe, mimi namwita mkaidi! Siku hizi tunatoka nje, wanachora b vumbini kwa kidole, mti kwanza halafu tumbo, huku wanatamka sauti yake, d tunaiacha mpaka b ikae. Yule mtoto yuko P2 sasa na anasoma vizuri, ila akiniona bado anapita mbali kidogo.

Haya, kijana wako. Kama anasoma daftari lilelile mara tano na kunakili upya, hapo ndipo shida. Kusoma tena kunadanganya, macho yanazoea maneno unadhani umeyajua. Mwaka 2006 huko Marekani Roediger na Karpicke walipima wanafunzi wa chuo, kipande kimoja wakakisoma mara mbili, kingine wakakisoma mara moja halafu wakafunga na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 kusoma mara mbili kukaongoza, lakini baada ya wiki kile cha kusoma mara mbili walikikumbuka asilimia 42 tu, na kile cha kufunga na kuandika asilimia 56. Na UNEB, wale wa mitihani ya taifa hapa Uganda, hawatamuuliza baada ya dakika 5, dada.

Kwa hiyo ukiwa unasonga posho muulize tu, kuku wa mayai na wa nyama wanatofautiana nini, daftari likiwa limefungwa. Muulize kwa Kiswahili hata kama kafundishwa Kiingereza, akiweza kukueleza kwa lugha ya nyumbani ujue imemwingia. Akikwama usikimbilie kumwambia, mwache ahangaike kidogo. Kesho kutwa uliza tena lilelile, halafu wiki ijayo, hata akiwa ameanza kusahau, hapo ndipo inafaa zaidi. Na saa tatu alale, ubongo unapanga mambo ya mchana mtu akiwa usingizini, sasa asipolala upange saa ngapi? Najua wanatakiwa shuleni saa kumi na mbili na nusu, hilo hatuliwezi mimi na wewe, huku kwetu nilijaribu kulisema kwenye mkutano wa wazazi wakanitazama kama nimetukana.

Jaribu wiki mbili uniandikie. Na uniambie mchele ni bei gani huko Mbale siku hizi, huku umepanda vibaya. Shemeji msalimie.

Wako,
Mama Salim