Watoto wa Pasua wapewe nafasi ya baiskeli

Mhariri naomba nafasi kidogo, hapa Moshi asubuhi wanafunzi wa Pasua na Njoro wanasimama kituoni wee, konda anawaruka kwa sababu nauli yao ndogo, wanafika shule wamechelewa na fimbo juu, na huku nyumbani baiskeli ipo imeegeshwa tu. Shida ni kwamba shule nyingi hazina hata banda la kuzifungia, mtoto akiiacha chini ya mti anakuta valvu zimeng'olewa. Wazazi tuchange mabomba na mabati jamani, fundi wa mtaani awafundishe kuziba pancha na kukaza breki, na manispaa itutengee njia pembeni maana bodaboda wanapita wanawakwangua kabisa.