Kadi yangu ya 2006

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, tuko salama, maharagwe tumevuna kidogo, na goti la mama yako limepoa.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Umesema Novemba hutaenda kupiga kura huko Marekani kwa sababu "ile ni nchi ya wenyewe, sisi ni wageni tu." Mama yako akanishauri niandike, maana kwenye simu nakasirika haraka.

Unalikumbuka lile kopo la maziwa tunamohifadhia karatasi? Chini kabisa kuna kadi yangu ya mpiga kura ya Kongo. Tarehe 30 Julai 2006, pale Rutshuru, tulitoka nyumbani kukiwa bado giza. Wagombea urais walikuwa 33, kila mmoja na picha yake. Bibi yako hakujua kusoma. Alikuwa ameikariri sura ya mtu wake, akaitafuta kwa kidole, picha moja baada ya nyingine, hadi waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika. Zile kura za wakati wa Mobutu yeye hakuzihesabu. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi.

Sitakudanganya kwamba kura ile ilituletea amani. Oktoba 2008 tulikimbia, tukavuka mpaka pale Bunagana wewe ukiwa mgongoni mwangu. Kadi niliivusha pia.

Uganda imetupokea vizuri. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka uleule wa 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, ila siasa za nchi imetukataza, na mimi sina ugomvi nayo. Lakini Januari, wenyeji walipokwenda kumchagua rais, fundi baiskeli wetu Mnyankole alipita akituonyesha kidole chenye wino. Tulimtania. Nilipobaki peke yangu nikakitazama cha kwangu.

Kura yetu hapa ni ya kamati ya wakimbizi. Safari iliyopita mgombea Msomali alikuja mpaka huku kwetu New Congo, akaahidi kusimamia zamu za maji. Mkalimani alimtafsiri kwa Kiswahili, kisha Kinyarwanda, kila mara akiongeza chumvi yake. Wakongo wengine walinung'unika, eti tutaongozwaje na mtu wa upande ule? Tulimchagua hivyohivyo. Siku hizi zamu zinaandikwa ubaoni, na akina mama hawapigani bombani.

Sasa wewe ulikesha na yale maswali 100 ya mtihani wa uraia, ukainua mkono, ukaapa. Mgeni anaapishwa? Uliniambia mwenyewe kwamba hapo Portland, jimbo la Maine, meya mnamchagua kwa kupanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jambo hilo tulibishania kijiweni wiki nzima, na mpaka leo mzee mmoja anaamini umenidanganya. Tena Maine mtu anaweza kujiandikisha siku ileile ya kura, kwa hiyo usiniambie umechelewa.

Shangazi yako wa huko anakiogopa Kiingereza cha karatasi ya kura. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu asiyeweza kuisoma aingie na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ilimradi asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Ingia naye. Msomee majina polepole, kisha nyamaza. Najua ulivyo na haraka, usimsukume mkono.

Wa kumchagua sikuulizi. Wewe ndiye unayelalamikia kodi ya nyumba na basi lisilofika kazini kwako. Mimi nitajuaje nani atayashughulikia hayo?

Mama yako ana swali moja. Amesikia kwamba huko hawapaki wino kidoleni. Basi wanajuaje kwamba hujarudi mara ya pili? Nimemwambia labda jina lako wanaliweka alama kitabuni, akasema nisijifanye nimefika Marekani. Ukitoka kupiga kura, mjibu wewe.

Baba yako