Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wapimaji wa Matanki ya Mafuta

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasalimu na kuwashukuru kwa kushirikiana nasi mwaka mzima. Hesabu za fedha atazisoma mhazini mwenyewe. Mafunzo ya wanachama wapya yamefanyika kama yalivyopangwa. Nayapita hayo haraka kwa makusudi, kwa sababu muda mwingi wa kamati, na usingizi wangu mwingi, umekwenda kwenye jambo moja: mfuniko wa juu ya tanki la mafuta ghafi, na kile kinachotoka pale mwenzetu anapoufungua ili apime kina au achote sampuli.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini nimelishikia bango. Miaka mingi nyuma nilipanda ngazi alfajiri, peke yangu, kupima tanki lililokuwa limetoka kujazwa. Upepo ulikuwa umetulia kabisa. Nilipofungua nikasikia mfuniko unafoka, kisha hewa juu ya tundu ikaanza kuchezacheza kama ile inayoonekana juu ya lami jua likiwa kali. Sikusikia harufu ya kutisha. Nikashusha utepe, nikainama kusoma, na namba zikakataa kutulia. Midomo ikafa ganzi, magoti yakaisha nguvu. Nilipozinduka nimekaa kwenye ngazi, utepe umeniponyoka, sijui nimefikaje pale. Msimamizi wangu wa wakati huo aliandika kwamba nilizidiwa na uchovu. Kesho yake nikarudi kazini, na tanki likaendelea kupimwa vilevile.

Neno hilo “uchovu” ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu limewafunika wenzetu wengine moja kwa moja. Nchini Marekani, taasisi ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilifuatilia vifo vya ghafla vya wafanyakazi 9 vilivyotokea kati ya Januari 2010 na Machi 2015, wote wakiwa kwenye kazi hii ya kupima au kuchota sampuli matankini. Walikuwa peke yao, au hakuna aliyekuwa akiwaangalia. Baadhi ya vifo hivyo mwanzoni vilidhaniwa kuwa vya moyo tu. Kumbe mvuke wa mafuta unaweza kuuvuruga mwendo wa moyo, na gesi ikisukuma hewa pembeni mtu anakosa oksijeni. Kinachobaki machoni pa daktari ni moyo uliosimama. Kama hakuna aliyemwambia kwamba marehemu alikuwa ameinamia tundu la tanki, ataandika anachokiona.

Nieleze kidogo gesi hiyo inatoka wapi, maana vijana wetu wengi huambiwa “jihadhari” bila kuelezwa. Mafuta yanapotoka kisimani yamebeba gesi iliyoyeyuka ndani yake kwa nguvu ya shinikizo. Yakiingia tankini shinikizo linashuka, na gesi inafumuka kama soda iliyofunguliwa: methani, propani, butani, pentani, pamoja na benzini ambayo huleta saratani ya damu. Inajikusanya juu ya mafuta, na mfuniko ukifunguliwa hutoka kwa mkupuo. Propani na butani ni nzito kuliko hewa, hivyo haziruki juu zikapotea, bali hutambaa kwenye njia ya kutembelea na kushuka ngazini. Ndiyo maana kauli ya “tuko nje, hewa ni tele” haimlindi mtu.

Pua nayo si ya kutegemewa. Gesi ya salfaidi ya haidrojeni inanuka kama mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani imekwisha. Barakoa ya chujio haisaidii palipokosa oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 20.9, ya oksijeni, na kifaa cha kupimia gesi hulia ikishuka chini ya 19.5. Na kengele ya gesi inayowaka wengi wetu huichukulia kuwa ni ya moto peke yake. Propani huweza kuwaka ikiwa kama asilimia 2 tu ya hewa. Kifaa kikilia kwa ajili ya gesi hiyo, kinakwambia pia kuwa unaivuta. Shuka kwanza, maswali baadaye.

Kamati imewaandikia waajiri mambo matatu: gesi ya tankini itolewe kwa mbali kabla ya mfuniko kufunguliwa, mpimaji asipande bila mwenzake anayemwona, na hatimaye viwekwe vipimo na bomba za sampuli ili mfuniko usifunguliwe kabisa. Hili la mwisho si ndoto. Mwaka 2016 taasisi ya petroli ya Marekani, API, ilitoa kiwango 18.2 kinachoeleza namna ya kupima mafuta ya mauzo kwa njia nyingine. Baadhi ya waajiri wamejibu vizuri. Wengine wamesema ni gharama, na mmoja alinijibu ana kwa ana kwamba ajali haina kinga. Nilimwambia, na nawaambia ninyi: hii kinga yake inajulikana, na inauzwa.

Wakati tunaendelea kuwadai, simama upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ukupige ubavuni au mgongoni, na usiinamishe uso juu ya tundu. Mwenzako akianguka, usimkimbilie bila mtungi wa hewa. Piga simu kwanza.

Katibu ana fomu mpya za taarifa. Jaza hata kama ulipata kizunguzungu tu kikapita, andika tanki gani, saa ngapi, na kama upepo ulikuwepo. Mkutano utakapofika ajenda ya 4, nitaomba ridhaa yenu fomu hizo zipelekwe pia kwa madaktari wanaotutibu.