Dhahabu ya Ruangwa mmeiona, maji yetu je?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote mimi ni msomaji tu, sijawahi kuandika, lakini ile habari yenu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huku Ruangwa imenikaba kooni. Mmesifia ajira, mmesifia mapato, mmeweka picha ya kijana kashika jiwe anacheka. Sawa, na mimi nina wadogo zangu wanaokula kwa hayo maduara, yaani mashimo ya dhahabu, siwaombei wafukuzwe. Ila habari nzima kuanzia juu mpaka chini neno maji halimo hata mara moja, wakati sisi tunaokaa bondeni ndio kilio chetu kila siku.

Kiangazi cha huku mnakijua. Mto unakauka, kinamama tunafukua mchanga, tunasubiri maji yachuruzike tunachota kwa kikombe mdogo mdogo mpaka ndoo ijae. Mwaka jana mwezi wa kumi nimefukua palepale tunapofukuaga siku zote, yakatoka maji rangi ya chai ya maziwa. Nikayaacha yatulie usiku kucha, asubuhi chini ya ndoo kuna tope laini la kijivu, ukiligusa linateleza kwenye vidole. Nikaufuata mto kwa juu nione kuna nini. Ukingoni kabisa pana mwalo, sehemu ya kuoshea dhahabu, kijana kachuchumaa kwenye beseni anakoroga mchanga uliotoka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, pamoja na zebaki ya kunasia dhahabu, kwa mikono mitupu, hana glavu hana chochote, anakamua kwenye kitambaa, kile kidonge kinachobaki anakiweka kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa anachoma, moshi unampiga usoni, na mtoto wa mama lishe kakaa pembeni yake. Maji ya beseni kayamwaga mferejini, mfereji unaingia mtoni. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, hayo tunakunywa sisi huko chini." Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mama, yakipita kwenye mchanga yanajichuja, na si mnachemsha?"

Yule kijana simlaumu, nani kamwambia? Zebaki haitoki kwa kuchemsha, ukichemsha unaua vijidudu tu. Inazama kwenye tope, bakteria wa huko wanaigeuza inakuwa sumu mbaya zaidi, inaingia kwa samaki, na hao kambale wa kwenye madimbwi wanaovuliwa na watoto wetu ndio wanaliwa na wajawazito, na anayeumia kuliko wote ni aliyeko tumboni, ubongo wake. Kule Minamata, Japani, watu walilemaa kwa kula samaki wenye zebaki na hiyo ishu inajulikana tangu 1956, nchi yetu imejiunga na mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 imeweka mita 60 kulinda kingo za mito, halafu huo mwalo ukitupa jiwe hata bila nguvu linaangukia mtoni, na wanaokusanya ushuru wanapita hapohapo na pikipiki kila wiki wanaona! Nilipoenda kulalamika nikaambiwa nilete majibu ya maabara. Mimi? Nipande basi na chupa ya maji mpaka mjini nikalipie kipimo kwa hela ya korosho?

Na hilo bomba nalo. Koki tuliwekewa, ikazinduliwa kwa ngoma na vigelegele, leo kavu. Wenye hela wananunua maji ya bodaboda, na mengine yanakuja kwenye madumu ya dawa ya mikorosho, harufu haijatoka, watu wanakunywa hivyohivyo.

Ninachotaka ni hiki. Mtu aje na kamba apime hizo mita 60 mbele ya kijiji kizima, apigilie vigingi vya zege vipakwe rangi nyekundu, mialo yote ihamie nyuma ya vigingi. Mwenye karasha akatwe kidogo kwa kila kiroba anachosaga, hiyo hela ipime maji yetu masika na kiangazi, na majibu yaandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa zahanati, kwa Kiswahili, herufi kubwa hata bibi asome. Kuchoma zebaki kufanyike kwenye chombo cha kufunika kinachonasa moshi, mbali na mama lishe.

Na mwandishi wenu akirudi huku aje mwezi wa kumi, asiishie machimboni, ashuke bondeni. Awahi, foleni ya kufukua mchanga inaanza saa kumi alfajiri.

Mama wa bondeni,
Ruangwa, Lindi