Acheni kupaka rangi ya mafuta vyungu vya kupikia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mfinyanzi, kazi naifanyia uani nyumbani kwangu huku Chanika, na jambo ninaloleta linagusa kila nyumba yenye chungu au mtungi, kwa hiyo hata mkiifupisha barua hii naomba hili moja libaki, kwamba vyungu vya kupikia na mitungi ya maji isipakwe rangi ya mafuta wala vanishi, na mnunuzi akiona chungu kinang'aa kama gari jipya asikitie chakula.

Wateja wangu wengi ni wa jumla. Wanakuja na kirikuu, tunapakia vyungu tunashindilia majani makavu katikati visigongane, wanaondoka. Baadae nikipita barabarani navikuta sivitambui tena, vimekuwa vyekundu, vya dhahabu, vina maua ubavuni na vanishi juu. Kama ni vya kupandia maua au kuweka sebuleni sina neno kabisa, mtu apambe nyumba yake. Shida ni kwamba vinapangwa fungu moja na vya kupikia na mama akiuliza anajibiwa hicho kinapikia tu, hakina shida.

Kuna dada alinitafuta mpaka nyumbani na chungu amekifunga kwenye kanga. Mimi kwenye kitako naweka alama za kucha kabla udongo haujakauka, sasa yeye alikigeuza akaziona akawa anaulizia kwa wauzaji ni za nani mpaka akafika kwangu. Alikuwa amepikia maharage ya nazi. Nikakifunua, ukingoni kwa ndani rangi imefanya malengelenge, mengine yameshabanduka, na harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, bado ipo pamoja na kwamba alikisugua kwa majivu na ndimu. Vile vipande vilivyobanduka vilienda wapi kama sio kwenye maharage? Na ana watoto wadogo nyumbani. Zipo rangi za mafuta zenye madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama, na wanaoumia zaidi ni watoto kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Kwa macho huwezi kujua kopo lipi lina risasi na lipi halina, hata huyo aliyepaka hajui.

Na mtungi nao. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu udongo una vitundu vidogo sana, maji yanapenya kidogo kidogo mpaka nje, yanakauka kwa upepo na yakikauka yanaondoka na joto. Ule unyevu unaouona ubavuni ndo kazi yenyewe. Ukipaka rangi umeziba, umebaki na ndoo nzito tu, alafu unasikia mtu analalamika mitungi ya siku hizi haipozi.

Wauzaji nawaelewa, sisemi wote ni wabaya. Wananiambia wateja wanataka kinachong'aa, na wakiona chungu kipya kinatoka jasho wanadhani kinavuja wanakirudisha. Ila wapo pia wanaojazia nyufa kwa gundi wakapaka juu, na hiyo hata uniambie nini sitaielewa.

Kinachoniuma ni kwamba mng'ao chungu kinao chenyewe. Udongo ukiletwa kwenye viroba unakuwa mabonge, naanika, natwanga, nachekecha kutoa mawe na mizizi, naloweka ndo nakanda. Wa vyungu vya kupikia nauchanganya na unga wa magae, yaani vyungu vilivyovunjika nimevitwanga upya, kwa sababu udongo mtupu ukikutana na moto wa jikoni unapasuka. Nafinyanga kwa mkono, kitako kwanza, alafu napandisha kamba za udongo moja juu ya nyingine, nje nakwangua kwa kipande cha kibuyu ndani kwa kifuu. Kikishaanza kushika, kidole hakiingii tena ila ukikiweka shavuni bado cha baridi, hapo ndo nachukua jiwe laini la mtoni nasugua. Ukiwahi kinachubuka, ukichelewa kimekauka hakikubali tena. Mara nyingi inaniangukia usiku watoto wameshalala, naweka taa pembeni ili mwanga upite ubavuni nione wapi jiwe halijafika, na pale lilipopita udongo unaanza kung'aa wenyewe bila kitu chochote, jamani hapo huwa sitaki hata kuitwa. Ndo mtu anakuja kufunika hiyo kazi kwa kopo la rangi!

Kuchoma nachomea kuni, makumbi na makuti, moto mdogo kwanza, maana maji yaliyojificha kwenye udongo yakigeuka mvuke kwa ghafla chungu kinalipuka na kuvunja vya jirani. Moto wa wazi namna hii unafika kama digrii 600 mpaka 900. Masika kuni zimelowa na vyungu havikauki, vinajaa mpaka chumbani, na hela hakuna. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wazee, na kwangu ni hivyo hivyo, vizima vyote vinaenda sokoni vilipe ada.

Mtu akitaka rangi, ipo, ya udongo wenyewe. Mama zetu wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa, vyungu vyao vinavyouzwa soko la Matema vina wekundu na weupe wa udongo, vinasuguliwa na kuchomwa, na nchi nzima inavipenda. Mfinyanzi Magdalene Odundo aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, mwaka 1974 akaenda Abuja Nigeria kujifunza kufinyanga kwa mkono, leo vyombo vyake viko kwenye makumbusho makubwa duniani na havina hata tone la rangi ya kopo. Anapaka uji wa udongo, anasugua, anachoma, akitaka cheusi anakichoma tena kwa kukinyima hewa. Nyeusi yote ile ni moto na moshi!

Kwa hiyo ndugu zangu wauzaji, tengeni mafungu mawili, la mapambo na la jikoni, na mteja mwambieni ukweli. Nanyi mnaonunua, ingizeni mkono ndani mkwangue kwa ukucha, kikitoka kitu chenye rangi kirudisheni. Kigongeni kwa kifundo cha kidole, kizima kinalia vizuri, chenye ufa sauti inakufa. Kikiwa kipya chemshieni uji mwepesi kwa moto mdogo mkiache kipoe nao humo humo, wanga unaziba vitundu na jasho linapungua lenyewe bila vanishi. Kwenye gesi anzeni na moto mdogo, na kikiwa cha moto msikimwagie maji baridi wala kukitua kwenye sakafu yenye maji, wekeni kata ya kitambaa.

Na mwenye chungu cha rangi jikoni saa hizi asijaribu kukichoma ili rangi itoke, ule moshi nao ni sumu, wala asiikwangue ndani ya nyumba vumbi likabaki kwenye sakafu wanapotambaa watoto. Akitoboe chini apandie maua. Sio mchicha, maua.

Mfinyanzi,
Chanika, Dar es Salaam